Daftari moja, makarani wengi: ndani ya sehemu ya udhibiti ya Kubernetes

Neno Kubernetes, jina la mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi kwa pamoja, limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo cha baharini. Jina hilo ni zuri, lakini limewapoteza wengi wanaoanza kujifunza mfumo huu, kwa sababu linawafanya watarajie kumkuta nahodha aliyekaa tezini, akitoa amri huku mabaharia wakizitekeleza. Ukiifungua klasta, yaani kundi la mashine zinazoendeshwa na mfumo huu, na kumtafuta nahodha huyo, humwoni. Utakachokuta ni daftari moja, mlango mmoja wa kulifikia, na makarani kadhaa ambao kila mmoja hulisoma daftari kwa ajili ya jambo lake tu, na akiona pengo kati ya kilichoandikwa na kilichopo, hujitahidi kuliziba. Hakuna karani anayemwamuru mwenzake. Hata kuzungumza hawazungumzi. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo linalostahili kufundishwa siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajakariri amri hata moja ya kubectl, programu ambayo mtumiaji huitumia kuiagiza klasta, kwa kuwa mtu akilielewa ataweza kueleza kwa nini klasta inafanya inavyofanya, hasa pale inapokataa kufanya alichokitaka.

Mradi huu ulitangazwa na Google mnamo Juni 2014, ukiwa umeanzishwa na Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie, na ulijengwa juu ya uzoefu wa Borg, mfumo wa ndani ambao kampuni hiyo ilikuwa ikiutumia kugawa kazi kwenye maelfu ya mashine zake. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015, na mradi ukakabidhiwa kwa CNCF, taasisi iliyo chini ya Linux Foundation. Mashine za klasta huitwa nodi, nazo ni za aina mbili. Nodi za kazi hubeba makontena ya watumiaji, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyovihitaji, na juu ya kila moja kuna programu iitwayo kubelet ambayo huyawasha na kuyaangalia. Nodi za udhibiti hubeba sehemu ya udhibiti, yaani etcd, kube-apiserver, kube-scheduler na kube-controller-manager. Kipimo kidogo kabisa cha kazi ni podi, ambayo ni kontena moja au zaidi yanayoishi pamoja na kutumia anwani moja ya mtandao.

Tuanze na daftari, kwa kuwa ndilo lenye thamani kuliko vyote. Daftari hilo ni etcd, hifadhidata iliyoanzishwa na kampuni ya CoreOS mwaka 2013. Jina lake limeunganishwa kutokana na saraka ya /etc, ambamo mifumo ya jamii ya Unix huweka mipangilio yake, pamoja na herufi d inayoashiria kwamba hifadhi imesambazwa kwenye mashine kadhaa. Kila kitu klasta inachokijua kimeandikwa humo: podi zipi zinatakiwa, ziko wapi, nani anaruhusiwa kufanya nini, siri zipi zimehifadhiwa. Nodi ya udhibiti ikiungua, unaweza kuisimika upya kwa saa moja. Kube-scheduler ikifutika, unaipakua tena bila kupoteza neno. Lakini etcd ikipotea bila nakala rudufu, klasta imesahau kila ilichokuwa ikikusudia, na ndiyo maana nashangaa kila ninapokuta mahali ambapo picha za diski za nodi za kazi zinahifadhiwa kila usiku ilhali hakuna aliyewahi kuchukua nakala ya etcd. Jambo jingine la kuangaliwa kwa makini ni siri zenyewe: kwa mpangilio wa awali, nywila na funguo unazoziweka kama Secret huandikwa katika etcd bila kufumbwa. Umbo la base64 unaloliona ukizisoma ni namna ya kuandika tu, ambayo yeyote aliyeipata faili anaweza kuirudisha katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo ufumbaji lazima uwashwe kwa makusudi.

Kwa kuwa daftari hili halipaswi kutegemea mashine moja, huendeshwa na wanachama kadhaa wanaofuata utaratibu wa Raft, ulioelezwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014. Utaratibu wenyewe unafanana na kikao chenye akidi. Wanachama humchagua kiongozi. Kila andiko jipya hupitia kwake. Naye hulitangaza kuwa limekubaliwa pale tu zaidi ya nusu ya wanachama wote, yeye akiwemo, watakapokuwa wameliandika kwenye diski zao. Wanachama watatu wanahitaji akidi ya wawili, kwa hiyo wanaweza kumpoteza mmoja na kazi ikaendelea. Watano wanahitaji watatu, hivyo wanaweza kuwapoteza wawili. Wanne je? Akidi yao ni watatu, maana yake wanaweza kumpoteza mmoja tu, sawasawa na watatu, huku wakiwa wameongeza mashine moja zaidi inayoweza kuharibika. Mtu anayeongeza mwanachama wa nne akidhani ameongeza usalama, kwa kweli ameongeza gharama na ameupunguza kidogo usalama aliokuwa nao.

Sharti la kuandika kwenye diski kabla ya kukubali ndilo linaloifanya etcd iwe nyepesi kuumizwa na diski ya polepole. Kiongozi huwatumia wenzake mapigo kila milisekunde 100, na mwanachama asiyesikia mapigo kwa milisekunde 1000 hudhani kiongozi amekufa na kuitisha uchaguzi. Diski ikichelewa, mapigo nayo huchelewa, uchaguzi unaitishwa bila sababu, na wakati wa uchaguzi hakuna kinachoandikwa. Mwendeshaji huona klasta inayokwama kwa sekunde chache kisha kuendelea, mara kwa mara, na aghalabu huulaumu mtandao. Ushauri unaotolewa ni kwamba asilimia 99 ya maandiko ya kumbukumbu za etcd yawe yamefika kwenye diski ndani ya milisekunde 10, na ni afadhali etcd ipewe diski yake yenyewe ya SSD kuliko kushiriki diski na programu nyingine inayoandika kwa fujo.

Hakuna karani anayeligusa daftari moja kwa moja. Wote, pamoja na wewe uliyekaa mbele ya kompyuta yako, hupitia mlango mmoja ambao ni kube-apiserver, unaosikiliza kwa kawaida kwenye poti 6443. Ombi likifika hapo huulizwa kwanza linatoka kwa nani, na jibu hutolewa kwa cheti au tokeni. Kisha huulizwa kama mwenye ombi ana idhini, na hapa mara nyingi hutumika RBAC, utaratibu wa kugawa ruhusa kwa majukumu ambao ulifikia hadhi ya kutegemewa katika toleo la 1.8 mwaka 2017. Likiwa ombi la kuandika na si la kusoma tu, hukaguliwa mara ya tatu na vichujio ambavyo vinaweza kulirekebisha au kulikataa. Kwa mfano, kimojawapo huiongezea kila podi mpya kipengele cha kuvumilia nodi isiyopatikana kwa sekunde 300, hata kama mwandishi wa podi hakukiomba. Tutakikuta tena kipengele hicho mbele.

Mlango huu una desturi mbili ambazo bila hizo makarani wangegombana. Desturi ya kwanza ni namba ya toleo inayoambatana na kila kitu kilichoandikwa. Karani anayetaka kubadilisha ukurasa husema, kwa namna fulani, kwamba anabadilisha ukurasa uliokuwa na namba hii. Ikiwa mwingine ameshaubadilisha na namba imesogea, mlango humrudisha kwa jibu la 409, naye hulazimika kusoma upya kabla ya kujaribu tena. Kwa njia hiyo hakuna anayefunga ukurasa ili wenzake wasubiri, na hakuna anayefuta kazi ya mwenzake bila kujua. Desturi ya pili ni ya kufuatilia. Badala ya kuuliza kila baada ya sekunde chache kama kuna jipya, karani hufungua muunganisho na kuuacha wazi, na kila badiliko linapotokea katika aina ya kurasa anazozijali, mlango humpelekea habari.

Sasa tufuate ombi moja kuanzia mwanzo. Umeandika faili inayosema kwamba unataka nakala tatu za programu yako ya malipo, kila moja ikihitaji nusu ya prosesa na megabaiti 512 za kumbukumbu, na umeituma kwa kubectl apply. Mlango umeikagua na kuiandika kwenye daftari kama kitu cha aina ya Deployment. Kubectl inakujibu kwamba kimeundwa, na wengi hudhani kwamba kitu fulani kimeshaanza kuendeshwa. Ukweli ni kwamba hadi hapo hakuna kontena hata moja lililowashwa, na wala hakuna mashine iliyochaguliwa. Kilichofanyika ni kuandikwa kwa kusudio tu.

Ndani ya kube-controller-manager mna makarani wengi waliofungwa katika programu moja kwa urahisi wa kuendesha. Yule anayefuatilia Deployment anapata habari kwamba kuna mpya, anatazama kama ina ReplicaSet, yaani ukurasa unaotaja idadi ya podi zinazotakiwa, inayolingana nayo, haioni, na anaiandika moja. Kazi yake imeishia hapo; hamwambii mtu. Karani wa ReplicaSet anapata habari kwa njia yake mwenyewe kwamba kuna ReplicaSet inayotaka podi tatu, anahesabu podi zilizopo, anapata sifuri, na anaandika kurasa tatu za podi. Kurasa hizo zina kila kitu isipokuwa sehemu moja iliyoachwa tupu, yaani jina la nodi.

Utupu huo ndio kazi ya kube-scheduler, yaani mpangaji. Yeye hufuatilia podi zisizo na nodi, na kila apatapo moja huifanyia hesabu ya hatua mbili. Kwanza huziondoa nodi zote zisizofaa: zisizo na nafasi ya kutosha, zenye alama ya kuzuia ambayo podi haiivumilii, zisizo na lebo ambazo podi imezitaka. Kisha zilizobaki huzipa alama kwa vigezo kadhaa, kama vile kusambaza nakala za programu moja kwenye nodi mbalimbali au kupendelea nodi ambayo tayari ina picha (yaani kifurushi cha faili) ya kontena linalohitajika, na yenye alama nyingi kuliko nyingine huandikwa kwenye ule utupu. Hapa pana jambo ambalo limewasumbua watu wengi niliowahi kuwafundisha, nalo ni kwamba nafasi inayohesabiwa ni ile iliyoombwa, wala si ile inayotumika. Nodi yenye prosesa nne ambazo podi zake zimeomba jumla ya tatu na nusu na zaidi kidogo itakataa podi yetu ya nusu prosesa, hata kama ukiitazama muda huo unakuta inatumia asilimia kumi tu ya uwezo wake. Mpangaji hakukosea. Alisoma daftari, na daftari linasema nafasi imeshachukuliwa.

Jina la nodi likishaandikwa, kubelet ya nodi hiyo, ambayo hufuatilia podi zenye jina lake tu, huiona podi, huiagiza programu ya makontena kama vile containerd ipakue picha na kuliwasha kontena, kisha huandika kwenye daftari kwamba podi inaendeshwa. Tazama safari nzima: Deployment, ReplicaSet, podi, nodi, kontena, na katika kila hatua mhusika alisukumwa na kilichoandikwa, si na mhusika aliyemtangulia. Kwa sababu hiyo podi iliyokwama hujieleza yenyewe. Ikiwa ReplicaSet ipo lakini hakuna podi, tafuta sababu kwa karani wa ReplicaSet, na mara nyingi utakuta kiwango cha juu cha rasilimali kilichowekewa eneo la klasta ilimo ReplicaSet hiyo kimefikiwa. Ikiwa podi ipo bila jina la nodi, mpangaji hajapata mahali. Ikiwa jina la nodi limeandikwa na kontena haliwaki, basi acha kuwasumbua wote waliotajwa na uende ukasome kumbukumbu za kubelet ya nodi ile.

Namna hii ya kufanya kazi ina nguvu nyingine ambayo si rahisi kuiona mpaka mambo yaharibike. Karani hategemei tukio, anategemea hali. Haoni kwamba podi imekufa saa nane na dakika tano kisha akaazimia kuipa mbadala. Anaona kwamba zinatakiwa tatu na zipo mbili. Akizimwa kwa saa nzima na kuwashwa tena, hahitaji kusimuliwa yaliyotokea akiwa hayupo, kwa kuwa hesabu ya tatu kutoa mbili ni ileile. Ndiyo sababu nakala za kube-scheduler na kube-controller-manager zinaweza kuwashwa kwenye nodi zote tatu za udhibiti huku moja tu ikifanya kazi kwa wakati mmoja. Nakala inayofanya kazi hushikilia mkataba mfupi uitwao Lease, ulioandikwa kwenye daftari lilelile na kudumu sekunde 15, na huuhuisha mara kwa mara. Ikifa, mkataba huisha muda, nakala nyingine huuchukua na kuanza kusoma kurasa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Utaratibu wa mikataba ndio pia unaojibu swali linaloulizwa sana, la kwa nini mashine ikizimika ghafla podi zake huchukua zaidi ya dakika tano kuhamia kwingine. Kila kubelet huhuisha mkataba wake kila sekunde 10. Karani wa nodi husubiri sekunde 40, au 50 katika matoleo ya karibuni, kabla ya kuitangaza nodi kuwa hali yake haijulikani na kuipiga alama ya kuzuia. Kisha kinaingia kile kipengele kilichoongezwa mlangoni: kila podi imeapa kuvumilia hali hiyo kwa sekunde 300, na mpaka zitakapokwisha hakuna anayeiondoa. Anayeendesha huduma isiyoweza kusubiri anaweza kuandika uvumilivu mfupi zaidi katika podi zake. Asiyejua kwamba upo atabaki akizichunguza programu zake zisizo na kosa.

Kwenye klasta zinazokodishwa kwa watoa huduma wa wingu huwepo pia cloud-controller-manager, ambayo huzungumza na mtoa huduma: huomba kisawazisha mzigo kinapohitajika, na hufuta nodi ambazo mashine zake hazipo tena. Ilitenganishwa na kube-controller-manager ili msimbo wa kila mtoa huduma usikae ndani ya mradi wenyewe.

Linabaki fumbo moja. Katika klasta zinazojengwa kwa kubeadm, programu ya kusimika klasta, kube-apiserver na wenzake nao huendeshwa kama podi. Ikiwa podi huandikwa kupitia mlango, na mlango wenyewe ni podi, ni nani aliyeuandika mlango? Jibu ni kubelet ya nodi ya udhibiti, ambayo mbali na kufuatilia daftari husoma pia faili zilizomo kwenye saraka ya /etc/kubernetes/manifests ya mashine yake, na kila faili inayoikuta humo huiwasha bila kumuuliza yeyote. Faili ikitolewa humo, podi yake huzimwa, ikirudishwa, huwashwa.

Niliujua umuhimu wa saraka hiyo asubuhi moja katika ofisi niliyokuwa nikiihudumia, ambako klasta ya nodi tatu za udhibiti ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka bila kupandishwa toleo. Kubectl ilikuwa ikijibu kwamba muda wa cheti umepita. Vyeti ambavyo kubeadm huvitoa hudumu mwaka mmoja na huhuishwa kila klasta inapopandishwa toleo, jambo ambalo kwetu halikuwa limefanyika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kila mtu, makarani pamoja na kubelet zote, na bado wateja walikuwa wakihudumiwa kama kawaida, kwa kuwa makontena yaliyokuwa yamewashwa hayakuhitaji kumuuliza mtu ruhusa ya kuendelea. Kontena moja lilikuwa limeanguka usiku kwa kuishiwa kumbukumbu, na kubelet ililiwasha tena yenyewe, maana hilo ni jukumu lake na podi ilikuwa inaijua. Ila nodi moja ya kazi ilikuwa imejizima na kujiwasha alfajiri, na kubelet yake, ambayo haitunzi orodha ya podi kwenye diski, ilikuwa imekaa bila kujua iwashe nini.

Tuliendesha kubeadm certs renew all katika kila nodi ya udhibiti, moja baada ya nyingine. Vyeti vipya viliandikwa, lakini podi za udhibiti zilikuwa bado zimeshikilia vya zamani, kwa hiyo tuliziondoa faili nne kutoka kwenye ile saraka, tukasubiri kama nusu dakika hadi podi zilipozimika, kisha tukazirudisha. Kubectl iliendelea kukataa kwa dakika kadhaa za wasiwasi, mpaka mmoja wetu alipokumbuka kwamba nayo ilikuwa ikitumia nakala ya cheti kilekile cha zamani, tukanakili upya faili ya admin.conf, yenye cheti kipya. Orodha ya nodi ikatokea. Muda mfupi baadaye podi za ile nodi iliyojiwasha alfajiri zikaanza kuinuka moja moja, bila yeyote kati yetu kuandika amri yoyote kuzihusu: kubelet ilikuwa imeukuta mlango wazi, ikasoma daftari, na kuona kwamba bado zimeandikwa kwa jina la nodi yake.